Mlinzi kavaa koti, mbwa wake anatetemeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nimjibu ndugu mmoja aliyeandika kuwa kumshonea mbwa jaketi ni kuiga Wazungu, na kwamba ni aibu kufanya hivyo huku watoto wetu wakienda shule asubuhi ya Juni na shati tupu. Hoja ya watoto ni nzito, nitaifikia. Lakini sehemu iliyobaki ya barua ile, kwa ninavyoisoma, imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala nje huku kwetu mwezi wa sita.

Mimi ni mama, fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko hapa Mafinga. Kazi yangu ya kila siku ni sare za shule, kubadilisha zipu na kupunguza suruali za mitumba. Mume wangu na wenzake wana mizinga ya nyuki ndani ya msitu wa Sao Hill, na msimu wa kurina ukifika tunakwenda wote: wanaume warine, sisi tuchuje na kufungasha. Wanarina usiku, nyuki wakiwa wametulia, kwa hiyo tunapiga kambi. Tunabeba maturubai, vipande vya godoro, ndoo, chai kwenye chupa, na tunakwenda na mbwa wetu Doria. Ni jike wa kienyeji, rangi ya kahawia, manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi. Siku ya kurina tunamfunga mbali na mizinga, pale kwenye turubai, maana nyuki waliochokozwa hawachagui. Kazi yake ni kutuambia nani anakuja. Asali iliyokwisha kurinwa ina wenyewe wengi gizani.

Msomaji wa Tanga au Mtwara akisikia kambi atafikiria moto katikati na watu wameuzunguka. Kwetu hapana. Sao Hill ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa ya Serikali nchini, limejaa paina na mikaratusi, na miezi ya baridi ndiyo hiyohiyo ya kiangazi. Majani ya paina yaliyokauka yanafunika ardhi yote na yanashika moto upesi sana. Sheria ya misitu hairuhusu kuwasha moto ovyo, na hata kama ingeruhusu, aliyewahi kuona paina zikiungua hatathubutu. Hata bomba la moshi la kurinia tunalizima kwa maji kabla hatujalala. Usiku ule hakuna pa kuota moto. Kila aliyeko pale, mtu au mbwa, anajikinga kwa alichovaa.

Na baridi yenyewe si ya kubezwa. Mafinga iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi kama 6. Ongeza upepo wa kusini-mashariki unaosukuma mawingu kwenye ukingo wa Mufindi. Yakifika huku ni ukungu na manyunyu yasiyokatika. Alfajiri turubai linadondosha maji na mvua haijanyesha. Mbwa mwenye manyoya mafupi akilala kwenye udongo wa namna hiyo hapati usingizi. Anajikunja, anasimama, anageuka, anajikunja tena, anatetemeka. Kukicha amechoka na hafai kwa ulinzi.

Mwili wa mbwa mwenye afya una joto la kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, limezidi letu kidogo, na analipata kwenye chakula. Akitetemeka usiku kucha anakula akiba yake mwenyewe. Ndiyo maana mbwa wa yadi za mbao utawaona wamekonda kufikia Agosti ingawa sahani yao haijapunguzwa. Mwenye mbwa anayelala nje ama amwongezee chakula ama ampunguzie baridi, na bora afanye yote mawili.

Kuhusu kuiga Wazungu, nimuulize ndugu yangu: punda anayebeba viazi Makete anawekewa gunia lililokunjwa mgongoni kabla ya mzigo ili asichubuke. Nani aliyewahi kusema huko ni kuiga? Mnyama wa kazi amevishwa vifaa vya kazi tangu zamani. Na kama anataka habari za mbali, kule Alaska kuna mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji, vigari vya kuteleza juu ya theluji, yanaitwa Iditarod, yalianza 1973. Mbwa wale wana manyoya ya tabaka mbili, mazito kuliko ya mbwa yeyote wa Iringa, na bado wenyewe huwafunika majaketi wakipumzika kwenye upepo na kuwavisha viatu vya kitambaa. Mwenye manyoya mazito anafunikwa, mwenye manyoya mafupi aachwe?

Sasa watoto. Jaketi ninalokata kwa ajili ya mbwa ni lile ambalo limekataa kuvaliwa na mtu: zipu imekufa na meno yameng'oka, mkono mmoja umeungua kwa pasi, au kifuani pamepasuka hadi pamba inatoka. Mwenye mitumba ananiachia kwa shilingi 3,000, mara nyingine bure, maana vinginevyo linakwenda jalalani. Sijamvua mtoto yeyote. Tena bitana ikibaki nashona kofia na soksi za mikono za watoto wadogo, nazigawa kanisani. Kama kuna mtu anataka kuanzisha harambee ya masweta ya shule, cherehani yangu ipo, nitashona bila kulipwa. Lakini asimwondolee mbwa kipande kilichokuwa kinakwenda jalalani halafu aseme amewasaidia watoto.

Nimeona pia watu wengi wakimvalisha mbwa sweta la mtoto na kuridhika. Naomba niwaeleze kinachofaa, kwa sababu jaketi baya ni afadhali lisiwepo. Sweta lina mikono, mbwa anakanyaga mikono hiyo na kujikwaa. Linafunika tumbo lote, na dume akikojoa linalowa, akilala nalo limelowa, baridi inazidi ya awali. Linanyonya ukungu. Na nyuzi zake zinanaswa na kila kijiti.

Kinachotia joto kwenye jaketi ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Kitambaa kinene peke yake hakisaidii. Hewa ile ikibanwa, imekwisha, ikilowa, imekwisha. Ukilishika hilo utajua mwenyewe wapi pa kuweka nini. Mgongoni na juu mbavuni, ambako mbwa hakulalii sana, weka sponji nyepesi iliyovimba, ile ya majaketi ya mitumba ya baridi. Tumboni na kifuani, ambako mbwa analalia, sponji ile itakandamizwa na uzito wake hadi iwe bapa, haitafanya kazi yoyote. Pale weka flisi, kile kitambaa cha manyoya laini cha blanketi za siku hizi, tena tabaka mbili. Chini ya mbwa weka mkeka: kipande cha sponji ngumu ndani ya mfuko wa nailoni, halafu nje gunia la salfeti, umeshona mdomo wote. Jaketi zuri juu ya udongo wa baridi bila mkeka ni kazi nusu, kwa maana ardhi inanyonya joto la tumbo kuliko hewa inavyonyonya la mgongo.

Vipimo vichukue mbwa akiwa amesimama. Nyoosha futi, utepe wa kupimia, kutoka mzizi wa shingo, pale mkanda unapokaa, hadi mzizi wa mkia. Zungusha shingo. Zungusha kifua pale kinapojaa, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Zungusha kiuno. Halafu pima upana kati ya miguu ya mbele, kipimo ambacho wengi wanakisahau na ndicho kinachoamua kama mbwa atatembea au atachechemea. Doria ana sentimita 50 mgongoni, 36 shingoni, 58 kifuani, na kati ya miguu 11. Mgongoni punguza sentimita 3, jaketi lisifike mkiani. Kifuani ongeza 8, kwa sababu sponji inakula nafasi upande wa ndani, na mbwa lazima ajaze mapafu akibweka. Jaketi linalombana limeshapoteza hewa yake hata kabla hajalala.

Pateni, yaani kielelezo cha kukatia, mimi nakata kwenye gazeti, pengine hili lako, Mhariri. Ziko sehemu mbili tu. Ya kwanza ni mgongo, kipande kimoja kinachoteremka hadi nusu ya mbavu kila upande. Ya pili ni kifua, ulimi mrefu unaoanzia chini ya shingo, unapita kati ya miguu ya mbele na kuishia mwisho wa mbavu. Kwa jike unaweza kuurefusha vidole vinne vitano, kwa dume usithubutu. Ulimi huo una mabawa mawili yanayopanda nyuma ya miguu kukutana na mgongo. Mikono haihitajiki. Miguu inapita wazi na kwapa linabaki huru, kwa kuwa hapo ndipo mshono wowote unapochubua.

Kipande cha mgongo wa mbwa kichukue kwenye mgongo wa jaketi la mtu, palipo pazima na pasipo na mfuko. Kabla hujagusa mkasi, chora kwa chaki, kisha pitisha mshono pande zote mbili za mstari wa kukatia, halafu ndipo ukate katikati ya mishono hiyo. Ukikata kwanza, sponji inakimbia ndani na kujikusanya kwenye pembe. Likiwa ni jaketi la manyoya ya bata ndiyo balaa kabisa, kibanda kizima kitajaa manyoya na hutayarudisha. Tena la manyoya ya bata silipendekezi kwa huku. Likilowa linakuwa tambara, na huku kila kitu kinalowa. Sponji ya polista ikilowa inabakiza uvimbe wake kiasi na inakauka upesi.

Wapo wanaouliza pamba. Pamba inanyonya maji na haikauki kwa siku mbili za ukungu. Sufi ni nyepesi, inakataa maji, zamani ilijazwa hata kwenye maboya ya kuokolea watu baharini, ila ukiifua inavunjika na kuwa vumbi. Kwa jaketi la mbwa ambalo lazima lifuliwe, iacheni kwenye mito.

Jambo jingine ambalo mafundi wenzangu tunabishana: mistari. Wanapenda kupitisha mistari mingi ya mshono juu ya jaketi ili lionekane kama la dukani. Kila mstari unaibana sponji hadi mwisho, na baridi inaingilia hapohapo. Jaketi la mtu lililokuja na mistari yake liache kama lilivyo, ila usiongeze. Kama sponji ni ya kuweka mwenyewe, ishike kwa mafundo machache ya mkono yaliyoachana, kama mshona magodoro ya sufi anavyofanya, uzi ukiwa umelegea.

Nje chagua kitambaa kinachokataa maji lakini kinachopumua. Mimi nina njia mbili za kukijaribu na sijaona bora. Nadondosha maji kijiko kimoja. Yakikaa juu kwa muda kama matone, kinafaa. Halafu nakibana mdomoni na kupuliza. Hewa ikipita kwa urahisi, na upepo utapita. Isipopita hata chembe, kama mfuko wa plastiki, nakikataa pia, maana unyevu unaotoka kwenye manyoya ya mbwa utabaki ndani na kumlowesha. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipooza kwa kuhema ulimi nje, lakini manyoya yake huja na umande wa msituni na umande huo lazima upate pa kutokea. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika ni kizuri sana kwa kufunika mishono ya mgongoni na kwa kola. Ni chepesi, kinamwaga maji, na miavuli iliyokufa haikosekani Mufindi.

Kola naitoa kwenye mkono wa jaketi. Ule mwisho wenye lastiki unakaa shingoni vizuri ukiupasua na kuupanua, na ukiuacha mrefu unaweza kukunjuliwa hadi kwenye masikio usiku.

Vifungo sasa. Mkanda wa kunatanisha, ule wa viatu vya watoto, unapendeza siku ya kwanza. Baada ya hapo unajaa manyoya, nyasi na majani ya paina, haushiki tena. Zipu inakamata ngozi. Natumia vifungio vya plastiki vya mabegi ya shule, vile vinavyoingiliana na kulia kidogo, na kila begi lililochakaa linavyo. Viweke ubavuni, juu ya nusu, asivilalie. Na kimoja kati ya hivyo nakishikiza kwa mishono michache ya uzi mwembamba wa pamba, kwa makusudi. Mbwa akinaswa na tawi au waya wakati anakimbiza kitu, uzi huo ukatike, jaketi libaki pale na mbwa aje nyumbani. Jaketi litashonwa tena.

Sindano namba 14 inatosha, na urefu wa mshono uwe milimita 3. Mshono wa karibukaribu unatoboa kitambaa chembamba mpaka kinachanika kama stempu. Uzi uwe wa polista, isipokuwa pale niliposema. Pindo zote zigeukie nje au zifunikwe, upande wa ngozi uwe laini mtupu. Mgongoni shonea utepe unaong'aa wa rifleketa kuukuu ya bodaboda, kwa sababu barabara zetu za msituni zina malori ya magogo usiku na dereva hawezi kuona mbwa wa kahawia.

Neno moja la tahadhari ambalo naomba lisipunguzwe na mhariri hata kama barua ni ndefu. Jaketi la polista na moto havikai pamoja. Cheche moja inatoboa tundu, na kitambaa kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Anayekwenda kambi yenye moto, kule inakoruhusiwa, afanye tabaka la nje la kaki au jinzi ya pamba, na mbwa akae mbali na cheche.

Mbwa asivalishwe mchana akikimbia wala akiwa amelowa. Mkaushe kwanza kwa tambara, ndipo umvalishe akitulia. Ukitaka kujua kama linamtosha, ingiza mkono ndani nyuma ya kwapa: pawe pa joto na pakavu. Ukikuta unyevu, au anahema ulimi nje usiku, mvue. Ukikuta masikio ya baridi na mwili unatetemeka, angalia mkeka wake kabla hujaongeza jaketi. Kila asubuhi livuliwe na mbwa apekuliwe, maana kupe hupenda kujificha chini ya nguo. Mbwa mmoja wa jirani yangu, chotara wa jamii ya mbwa wa Kijerumani, ana manyoya mazito, hahitaji kitu na nilikataa kumshonea ingawa pesa ilikuwa mkononi. Wanaohitaji ni wa manyoya mafupi, wazee, waliokonda na wadogo.

Ndugu Mhariri, nimeeleza kwa kirefu kwa sababu walio kwenye shida hii si watu wa matembezi tu. Pita usiku kwenye yadi za mbao hapa mjini, au Makambako, au Njombe. Utamkuta mlinzi kavaa koti zito, kofia ya sufu imefika kwenye nyusi, mabuti, pengine na jiko dogo la makaa pembeni. Miguuni pake yupo mbwa uchi kabisa juu ya saruji. Mzee mmoja anayelinda yadi, nilipompitia na kumsalimu kamwene, alinijibu kuwa yeye mwenyewe humfunika mbwa kwa gunia, lakini gunia linaanguka kila mbwa anapoamka kubweka. Akaniuliza kama linaweza kutiwa kamba. Nilimshonea la kweli, na sasa ananiambia mbwa akisikia kishindo anaondoka mara moja na jaketi lake mwilini, halafu anarudi na kulala tena. Mzee yule hajawahi kuwaiga Wazungu kwa lolote. Anajua tu nani anamsaidia kukesha.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na inatambua kwamba mnyama anahisi. Anayemwajiri mlinzi humpa koti kwa sababu anataka awe macho saa tisa usiku. Mbwa amewekwa pale kwa sababu hiyohiyo. Nawaomba wenye yadi, wenye mashamba ya parachichi wanaolaza mbwa shambani kuzuia wezi, na makampuni ya ulinzi yenye mbwa, waweke jaketi na mkeka kwenye hesabu yao pamoja na chakula na chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo itangulie, hilo sina ubishi nalo. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu ampeleke mbwa akachanjwe, jaketi aje kwangu tutaelewana.

Na vyuo vinavyofundisha vijana wetu ushonaji, naomba wafikirie. Kila mwaka wanahitimu wasichana na wavulana wanaojua kushona gauni moja na suruali moja, halafu wanakuja mjini kugombania wateja walewale wa sare za shule. Jaketi la mbwa, tandiko la punda, kifuko cha chupa ya maziwa, mkeka wa kambi: vyote hivi ni kazi ya cherehani na mabaki, na wateja wapo. Nina binti anayejifunza kwangu ambaye sasa anashona ya mbwa vizuri kuliko mimi, hasa ule ulimi wa kifua, ana jicho la kona.

Mwenye mbwa aliye karibu amlete mwenyewe, asilete vipimo vya kukadiria. Mbwa wa walinzi nawapima bure. Aliye mbali achukue hatua nilizoandika hapa, akate kwanza kwenye gazeti, amvalishe mbwa gazeti hilo amwone akitembea, ndipo aguse kitambaa. Na mwaka huu aanze Aprili, maana Mei ikifika mitumba ya majaketi inapanda bei.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi cherehani,
Mafinga, Iringa